Takia la Mama Ndani ya Handaki

Jumatatu, 3 Februari
Siku kuu! Mkuu wetu Nukaga katangaza: Alhamisi kisanduku changu cha kuonyesha gari lilipo na cha mwenzangu Isobe vitapanda gari moja kupita handaki la kilomita tatu. Nje, kisanduku hujua kilipo kwa setilaiti. Ndani, setilaiti hazionekani. Vihisi vyake vya mwendo hukisia vyenyewe kilipo. Kitakachokosea kidogo zaidi kitafungwa kwenye magari ya kuondoa theluji mkoa mzima wa Toyama, na aliyekiunda ataongoza kitengo cha majaribio. Wa pili ataenda ghalani kutunza nyaya. Pole, Isobe! Nimeshaagiza kadi mia mbili za jina langu: "Hozumi, Kiongozi wa Majaribio."

Jumanne, 4 Februari
Isobe kashinda kutwa amepiga magoti garini, akikikaza kisanduku chake sakafuni kwa boliti nne. Nne! Kila shimo la barabara kitalisikia, maskini. Mimi nimewaza kisomi. Vihisi vinataka utulivu. Utulivu ni takia! Nikampigia mama simu, nikamwomba takia lake nene la sakafuni, lile analokalia akitazama mieleka ya sumo. Akauliza la nini. Siri ya kazi, nikamjibu. Akasema haya, ila lirudi kabla ya mashindano ya Machi.

Jumatano, 5 Februari
Takia limefika. La zambarau, lina vishada. Nimekilaza kisanduku juu yake kwa heshima zote. Isobe akaniuliza kama nitakiletea na blanketi. Nikamwambia cheka sasa dada, kesho utalia. Akasema kisipofungwa kwenye gari kitapima mwendo wa takia, si wa gari. Wivu mtupu! Nilifurahi hadi tonge la wali likanipalia.

Alhamisi, 6 Februari
Tulisimama dakika tano bila hata kupiga chafya, visanduku vitulie. Kisha dereva Tokita akaingia handakini. Mwanzoni raha tupu! Changu kinanesanesa kama mtoto mbelekoni. Kona ya kwanza, takia likateleza kushoto. Kona ya pili, likarudi kulia, kisanduku kikalala ubavu. Kukigusa ni marufuku. Nikakitazama tu.

Tulipotokeza nje, Nukaga akaangalia skrini. Nukta ya Isobe: barabarani, imekosea mita moja. Yangu: baharini, mita mia nne kutoka ufukweni. Nukaga akaniuliza, kwa upole kabisa, kama magari ya theluji tuyafungie makasia. Tokita alicheka mpaka akaegesha gari. Isobe hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 7 Februari
Ghalani. Kadi zimefika. Karatasi nzuri sana. Nimekaa kati ya nyaya, nikajichunguza bila kujionea huruma, na nimeliona kosa langu.

Takia lilikuwa jembamba!

Na nyuma ya rafu, huku huku walikonitupa, nimekuta godoro la sponji! Nimelikalia dakika kumi. Lori limepita nje, sikuhisi chochote. Nimeshamwandikia Nukaga kuomba jaribio la marudio.

Isobe alipita kuchukua waya. Akaniwekea boliti nne mezani, akasema zimebaki, labda zitanifaa. Mtu mwema, ila hana mawazo. Zimenifaa kweli: nimeziweka juu ya karatasi isipeperuke. Ni oda ya kadi nyingine mia mbili. Safari hii, za cheo cha Nukaga.