Goti la Mwanyumba Wangu

Jumatatu, 2 Desemba

Orrin kaondoa theluji yote mbele ya nyumba yangu. Sikumwomba! Nimeamka, nachungulia dirishani, huyo hapo na koleo lake, anachuchumaa, anainuka, anachuchumaa tena. Makusudi kabisa. Akanipungia mkono. Nikafunga pazia.

Tumeoa ndugu wawili, mimi Marlys, yeye Verna, kwa hiyo ni mwanyumba wangu na sina pa kumkimbilia. Wote tunaendesha malori ya kusukuma theluji ya manispaa hapa Duluth, mwaka wa ishirini na sita huu. Mwajiri mmoja, bima moja, hata kadi zetu ni za rangi moja. Bima ililiidhinisha goti lake kwa siku nne. Akapasuliwa Agosti, sasa anachuchumaa mbele za watu. Langu, la kulia, limekataliwa leo kwa mara ya pili. Barua inasema haijathibitika kwamba upasuaji ni wa lazima. Nimeisoma nikiwa nimesimama, maana nikikaa siinuki bila Marlys.

Na muda unakwisha. Mwaka huu tumeshalipa fungu letu lote, lile la kutoa wenyewe kabla bima haijaanza kulipa: Marlys alitolewa nyongo Machi, na Mei ndoana ilinizama kidole gumba. Nikipasuliwa kabla ya tarehe 31, bima inalipa kila senti. Januari mosi hesabu inarudi sifuri, nitoe kwanza dola elfu sita zangu. Sina. Ni mwezi huu, au nichechemee mwaka mwingine nyuma ya Orrin.

Jumatano, 4 Desemba

Nimewapigia bima. Dakika arobaini na saba za filimbi ya kusubirishwa. Kisha dada mmoja, Charisse, sauti tamu, akaniambia pole sana, baba, naelewa uchungu wako. Nikamwambia kama anauelewa aupitishe. Akacheka kidogo. Akasema faili langu lilipitiwa na daktari wao. Nikauliza daktari wa nini. Akasema wa watoto.

Wa watoto! Nina miaka sitini na moja!

Halafu akaeleza kosa langu. Nilitakiwa kuhudhuria mazoezi ya viungo mara kumi na mbili, nami nimehudhuria kumi na moja. Nikamweleza kwamba siku ile niliyokosa kulikuwa na tufani, na mimi ndiye niliyekuwa nafungua barabara ili mtaalamu wa mazoezi afike kazini. Charisse akasema hilo halina kisanduku kwenye fomu yake.

Nikauliza Orrin Haugdahl alihudhuria mangapi. Akasema hawezi kunipa siri za mteja mwingine. Nikasema basi aseme tu kama ni chini ya kumi na moja. Akanitakia siku njema.

Ijumaa, 6 Desemba

Karamu ya kanisa, ile ya samaki mkavu anayelowekwa magadi mpaka awe kama uji. Nilikwenda na mpango. Nitachechemea taratibu kutoka mlangoni hadi meza ya viazi, watu wanione, waulize, nami niseme yote kuhusu bima, na pengine kuwe na mtu anayemjua mtu.

Nikachechemea vizuri mno. Nilipofika katikati ya ukumbi, mchungaji akapiga makofi akaomba utulivu. Nikajiweka sawa niitwe. Akamwita Orrin! Akamwomba atuonyeshe goti. Orrin akachuchumaa hadi chini kabisa, sahani mkononi, mchuzi haukumwagika hata tone. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama mmoja alilia.

Mimi nilibaki nimesimama karibu na kabichi. Kwa wivu samaki alishindwa kushuka, ingawa samaki yule hata siku za kawaida hashuki.

Lakini nimepata jambo. Verna, shemeji yangu, aliropoka wakati wa kahawa. Kumbe Orrin naye alikataliwa mara ya kwanza! Akatuma rufaa, barua ya ukurasa mmoja, na bima wakalainika kwa siku nne. Nakala ipo kwenye droo ya jikoni kwake. Marlys alimkanyaga Verna mguu chini ya meza. Sijui kwa nini.

Jumapili, 8 Desemba

Nimeipata! Nilikwenda kwa Orrin kuangalia mpira. Timu yetu ilipofungwa, yaani mapema, nikasema nafuata barafu ya kinywaji. Droo ya tatu, chini ya kopo la betri mbovu. Nikaipiga picha.

Nilimwambia Marlys tu kwamba nitaomba ushauri kwa Orrin. Akasema nimwombe barua waziwazi, Orrin ana moyo mweupe, atanipa na kahawa juu. Ndiyo maana sitaki! Nimwombe, anipe, kisha kila mtu mjini ajue goti langu limetoka mkononi mwake?

Barua yenyewe imeniuma. Ni nzuri. Ina mahali anaposema alipiga goti kumfunga mjukuu wake kamba za viatu, akashindwa kuinuka, ikabidi mtoto wa miaka mitatu amvute mkono huku akimwambia, “Babu, jikaze.” Orrin huyu huyu ambaye kazini hasemi zaidi ya “haya” na “baridi leo”! Kumbe ana kalamu. Goti kapata, kalamu kapata. Mimi Mungu kanipa nini?

Jumatatu, 9 Desemba

Nimenakili yote. Nimebadilisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kadi. Sina mjukuu, nina mbwa, lakini mbwa havai viatu, kwa hiyo nimemwacha mjukuu. Palipoandikwa “maumivu makali” nimeweka “maumivu makali sana,” ili nimzidi.

Bima hawapokei kitu ila kwa faksi. Faksi pekee ninayoijua ipo maktaba. Mkutubi alisema mteja wa mwisho wa mashine ile alikuwa Orrin. Hata hapo!

Jumanne, 17 Desemba

NIMEPITA! Barua ya bima imefika saa nane. Upasuaji wa goti, idhini kamili, mwisho tarehe 31 Desemba. Hospitali wana nafasi tarehe 30, kuna mtu kaahirisha. Nimelia peke yangu gereji, nimekumbatia tairi.

Nikaenda moja kwa moja kwa Orrin, kabla hata ya kumwambia Marlys. Nikamwambia mimi nimeidhinishwa kwa siku nane, lakini ukitoa Jumamosi na Jumapili, na ukitoa siku ya faksi, na siku mbili za posta, ni tatu. Yeye nne. Mimi tatu!

Akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema, “Delmar, nimefurahi kweli, ndugu yangu.” Alifurahi kwelikweli. Nilikosa raha jioni yote.

Alhamisi, 19 Desemba

Hospitali wamepiga simu kuthibitisha. Goti la kushoto, tarehe 30, nisile kitu asubuhi.

Nikasema la kulia. Akasema la kushoto. Nikasema dada, mimi ndiye mwenye magoti. Akasema idhini ni ya kushoto.

Nikatafuta nakala yangu, nikaisoma kwa sauti pale jikoni nikitafuta kosa. Kushoto. Kushoto. Kushoto, mara tatu, kwa mwandiko wangu mwenyewe! Goti la Orrin ni la kushoto. Nilibadilisha kila kitu cha Orrin isipokuwa mguu.

Marlys alikuwa anamenya viazi. Nilipofika kwa mjukuu na kamba za viatu, kisu kikasimama. Akaniuliza taratibu nimeipata wapi barua yake.

Yake! Marlys ndiye aliyeandika! Verna alimwomba, akamwandikia Orrin jioni moja. Akanikumbusha kwamba Septemba alitaka kuniandikia na mimi pia, nikamjibu kwamba ukoo wetu wa Brekke hauhitaji karani. Sikumbuki. Inawezekana.

Mke wangu mwenyewe, aliyeapa mbele ya madhabahu, kalilia kwenye karatasi goti la mwanamume mwingine. Nimelala kwenye kochi. Yeye hakunifukuza, niliamua mwenyewe, na kochi ni fupi.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimempigia Charisse. Nimemwambia ukweli, karibu wote. Akapekua. Goti langu la kulia lina picha nne, sindano sita, mazoezi kumi na moja: limekataliwa. La kushoto halina picha, halina sindano, halijawahi kuuma maishani mwake: limepita. Akasema kwa upande wao faili la kushoto ni safi sana.

Nikaenda kwa Daktari Thorsgaard, mpasuaji wangu. Nikamuuliza kama anaweza kuingilia kushoto kisha ateleze kulia. Alicheka mpaka akakaa kitini. Nikamuuliza basi kama anaweza kulifanya la kushoto tu, maana ni la bure na siku moja litauma. Hapo hakucheka. Akaniambia, “Bwana Brekke, nenda nyumbani.”

Jumatatu, 23 Desemba

Daktari Thorsgaard ana moyo. Ameomba kuongea na daktari wa bima, wao kwa wao, tarehe 30 asubuhi. Nafasi yangu chumba cha upasuaji kaihamishia 31, saa tisa alasiri. Ila lazima bima wapate kwa faksi, kabla ya Ijumaa saa sita mchana, barua yangu ya kweli: nilikosea mguu, goti bovu ni la kulia, na hivi ndivyo linavyonitesa.

Marlys ananiandikia. Hakunisamehe, lakini amechukua kalamu. Akaniuliza goti linauma vipi. Nikamwambia. Akaniuliza tena. Nikamwambia kwamba asubuhi huwa nakaa ndani ya lori dakika kumi kabla ya kushuka, nikisubiri wenzangu waondoke wasinione. Hilo nilikuwa sijawahi kulisema kwa mtu. Akaacha kuandika, akanishika bega. Kisha akaendelea.

Orrin alipita, ameshasikia yote, pamoja na habari za droo. Akasema ningemwomba tu. Nilijua atasema hivyo.

Alhamisi, 26 Desemba

Jana Krismasi kwa Orrin na Verna. Mwanyumba ananunua televisheni mpya, anaiweka ghorofani, anatuita tukaione. Akapanda ngazi bila kushika ukingo. Ngazi ishirini na mbili! Akageuka juu kule akaniambia kwa upole, “Usijisumbue, Delmar, nitakueleza ilivyo.”

Anieleze televisheni!

Nilipanda. Zote. Bila kusimama. Nilipomfikia nilikuwa natabasamu, na naamini sikupiga kelele. Kushuka nilishushwa na Marlys na Verna, nimekaa, ngazi moja moja kwa makalio. Leo goti limevimba, suruali haipiti.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimetuma! Saa tano na nusu, maktaba. Barua ya Marlys ni nzuri kuliko ya Orrin, nimezilinganisha mstari kwa mstari. Sehemu ya lori peke yake ingeliliza jiwe.

Chini ya sahihi kulikuwa na nafasi tupu. Kalamu ilikuwepo. Nikaona si haki bima wafikirie mimi ni dhaifu kuliko Orrin, ambaye wao walimuidhinisha. Nimeongeza tanbihi fupi. Marlys hana haja ya kujua.

Jumatatu, 30 Desemba

Daktari Thorsgaard kapiga simu saa nne, nikaweka sauti wazi Marlys asikie.

Daktari wa bima, yule wa watoto, alikuwa ameshakubali. Alisema kisa cha lori kilimgusa, baba yake alikuwa dereva. Alikuwa ameshika kalamu. Kisha akageuza macho chini ya sahihi, akasoma kwa sauti: “Hata hivyo ningependa ijulikane kwamba juzi nilipanda ngazi ishirini na mbili bila kusimama wala kushika ukingo, nikampita Orrin Haugdahl, mwenye goti jipya.”

Limekataliwa. Mgonjwa anapanda ngazi vizuri.

Marlys aliinuka. Alivaa koti akaenda kwa dada yake. Nimekaa jikoni, barafu gotini, natazama kalenda. Kesho mwaka unakwisha, na mimi ndiye niliyeufunga kwa mkono wangu.

Alhamisi, 2 Januari

Marlys karudi. Kalia, si kwa ajili yangu. Bima wamemwandikia Orrin: mtu aliyemlaza usingizi siku ya upasuaji kumbe hakuwa kwenye orodha yao ya madaktari wanaowalipia. Anadaiwa dola elfu tisa na mia nne, miezi minne baada ya kuamka! Orrin kakaa tu kwenye kiti chake, hachuchumai.

Nilimhurumia. Dakika kumi nzima. Kisha Marlys akaniambia kanisa linamwandalia harambee, tambi na nyama, ukumbi wa juu, na tayari watu mia mbili na thelathini wamesema watakuja. Mia mbili na thelathini! Mimi nikikatwa mguu sidhani kama watafika sitini, tena watanipa ukumbi wa chini, ule wenye unyevu.

Nami naanza upya. Rufaa mpya, hesabu mpya, mazoezi kumi na mawili, la kwanza kesho saa tatu. Safari hii sikosi hata moja. Nimeomba nipangiwe mtaalamu yule yule aliyemhudumia Orrin, ambaye huandika kila kitu na kuwatumia bima siku hiyo hiyo. Nataka aone kwa macho yake ni nani kati yetu anayekunja goti vizuri zaidi.