Jiwe Langu Lililoondolewa kwenye Foleni ya Kofia

Hamduni Twalib,
Fundi Baiskeli,
Mukendo, Musoma.
26 Agosti, 1987

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Najua karatasi ni adimu, nami nitajitahidi kuwa mfupi, ingawa nimeonewa sana.

Mimi, pamoja na kuziba pancha, ni kocha wa klabu ya riadha ya Buhare. Miaka mitatu mfululizo timu yetu ya kupokezana vijiti imedondosha kijiti kwenye mashindano ya Bunda. Mwaka jana Keraryo, anayekimbia wa mwisho, alikidondosha, akainama kukiokota, akakipiga teke mwenyewe mpaka kwa mama muuza karanga. Mwenyekiti wetu, Mzee Wanzagi, akasema sasa basi. Wanachama wakachanga nauli, nikatumwa Nairobi kwenye Michezo ya Afrika nikawatazame wakubwa wanavyopokezana, nirudi niwafundishe wetu. Tukidondosha tena, ukocha anapewa shemeji yangu Rashidi, mtu ambaye hata kamba za viatu anafungiwa na mkewe. Hilo linaniuma kuliko yote.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya mbio hizo nilifika uwanjani mapema. Mlangoni nikakuta foleni. Wewe ni Mtanzania mwenzangu, unaelewa. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sabuni na sukari hatuulizi foleni ni ya nini. Unapanga kwanza, ukifika mbele utajua. Nikapanga, na mbele nikamkuta dada anagawa kofia za michezo, bure. Nawalaumu waandaaji kwa kutoweka kibao cha kumtahadharisha mgeni kutoka Tanzania kwamba foleni ile haikuwa ya lazima.

2. Baada ya kofia palikuwa na foleni ya beji, ya vibendera, na ya mifuko ya plastiki. Nilizimaliza zote kwa nidhamu. Nikarudi kwenye kofia kwa ajili ya mke wangu Mwanahalima. Yule dada akanikatalia, akisema nimeshachukua. Nilipomuuliza amejuaje, akanionyesha kichwani kwangu. Huo si ukarimu, ni upelelezi.

3. Nikavua kofia, nikapanga upya. Mara vipaza sauti vikatangaza mbio za vijiti. Nilifanya kama ambavyo mtu yeyote mstaarabu angefanya: niliokota jiwe, nikaliweka mahali pangu, nikamweleza bwana wa nyuma yangu kwamba jiwe lile ni mimi. Hapa Musoma nilikuwaga naweka jiwe duka la ushirika alfajiri, naenda kuziba pancha mbili, narudi nakuta watu wamelisogeza mbele kwa heshima zote. Nairobi sikufikisha hatua kumi. Mfagiaji alilibeba jiwe langu akalitupa kwenye toroli. Nikarudi mbio kulitetea, na yule bwana wa nyuma akanitazama kama mtu aliyetoroka wodini. Ikabidi nisimame mwenyewe.

4. Kwa hiyo mbio nilizokwenda kuzitazama nilizisikia tu. Tena watazamaji walipiga kelele kiasi kwamba yule dada hakusikia ombi langu la kofia za watoto. Nauliza: ni nani aliyepanga watu wakimbie saa ileile ya kugawa kofia? Mtu atapokeaje kwa utulivu huku wengine wanakimbizana? Zingetosha siku tisa za kugawa, halafu nusu siku ya michezo kwa watakaokuwa na nguvu bado.

5. Nimerudi na kofia kumi na moja, na sijui hata nchi gani ilishinda. Kila aliyekuja kunipa pole ya safari ametoka na kitu. Mzee Wanzagi alichukua kofia mbili, akavaa moja juu ya nyingine, kisha akaniuliza wakubwa wanapokezanaje. Nikamjibu kwamba hiyo ni siri ya kiufundi mpaka mazoezini. Na Jumamosi hii ndiyo Bunda.

Kwa hiyo naomba waandaaji wamwandikie Mzee Wanzagi barua yenye muhuri, kuthibitisha kwamba mbio zile zilikwenda kasi mno hata mtu makini asingeona kitu. Naomba pia michezo ijayo ifanyike Butiama, ambako mawe yamejaa na hakuna mfagiaji wa kuyagusa.

Wasalimie wapanga chapa wako wote, na mlinzi wa mlangoni. Mwanahalima naye angekusalimu, ila kwa sasa haongei na nyumba hii. Alitegemea kitenge, akaletewa kibendera.

Ni mimi, niliyeonewa mbele ya Afrika nzima,
Hamduni Twalib
(Kocha mpaka Jumamosi)

Nyongeza, Jumapili: Ndugu Mhariri, sikupata nafasi ya kufika posta, na mashindano yamepita. Mazoezini sikuwa na la kuwafundisha, nikawafundisha ninachokijua. Niliwaambia hivi: ukimfuata mtu mwenye kitu mkononi, usimtazame usoni. Anza kuondoka kabla hajakupa. Nyoosha mkono nyuma, kikigusa kiganja funga vidole, na wala usishukuru. Keraryo alikipokea kijiti vivyo hivyo, akaukata utepe, akaendelea kukimbia mpaka barabara ya Nyamuswa, kwa kuwa nilisahau kumwambia mahali pa kusimama. Tumeshinda. Mzee Wanzagi amewatangazia watu wote kwamba Nairobi nzima hakuna aliyezitazama zile mbio kwa makini kama mimi, na mimi niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Malalamiko yangu yote nayafuta. Barua naituma kwa sababu stempu nilishaibandika, lakini nakusihi usiichape, hasa namba 4, maana Mzee Wanzagi halikosi gazeti lako.