Chupa Nne Kwenye Skrini

Jumatatu, 3 Juni
Shangazi, mtunza dawa wa zahanati, katoa kazi: ukurasa wa tovuti uonyeshe jumla ya chupa za insulini jokofuni na idadi ya wagonjwa wanaoitumia. Atakayeshinda atashika kompyuta likizo nzima. Tuko wawili, mimi na binamu yangu, tunayemwita Profesa kwa maringo yake. Nilitaka kusema naweza. Sauti ikagoma. Nikaitikia kwa kichwa kama mjusi.

Jumanne, 4 Juni
Profesa kasema hifadhidata iulizwe mara mbili: chupa peke yake, wagonjwa peke yao. Akaongeza: ukichanganya, bubu wetu, utavuna mabua. Bubu! Nimeunganisha majedwali na kuuliza yote kwa mkupuo. Mstari mmoja tu! Wagonjwa wawili: Bibi yetu na fundi viatu. Chupa nne. Shangazi kasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Profesa kanuna. Raha iliyoje!

Alhamisi, 6 Juni
Fundi viatu anasafiri, kaomba chupa mbili. Shangazi katazama skrini, kampa bila kuhesabu zilizobaki. Nilichungulia jokofuni. Tupu. Nilitaka kusema, lakini Profesa alikuwa pale. Labda nyingine ziko kwenye jokofu jingine. Zahanati haina jokofu jingine.

Jumamosi, 8 Juni
Bibi kafuata dawa yake, karudi mikono mitupu. Gari la dawa ni Jumatano. Kasema msijali wajukuu zangu, mzee hafi kwa siku nne. Jioni anatapika, anahema kama aliyekimbizwa.

Jumatatu, 10 Juni
Bibi kalazwa hospitali kuu. Hamtambui yeyote kati yetu. Profesa kafungua kazi yangu, kanionyesha bila hata kunicheka: kila chupa ilihesabiwa mara moja kwa kila mgonjwa. Wagonjwa wawili, chupa mbili zikawa nne. Heri angecheka. Nimelia chooni, bomba likiwa wazi.

Alhamisi, 13 Juni
Bibi bado hajafumbua macho. Dawa zimefika. Shangazi, uso umemvimba, kasema rekebisha au mwachie mwenzako. Nimwachie Profesa? Ng'o! Kuandika upya ni kukiri. Nimegawanya jumla kwa mbili. Imelingana na jokofu, chupa kwa chupa! Profesa hajagundua.

Ijumaa, 14 Juni
Kaja msusi, mgonjwa wa tatu wa insulini. Shangazi kauliza kwa hofu kama mfumo utamudu. Sauti ikanitoka, tena mbele ya watu: mwandikishe tu, Shangazi, sasa uko imara.