Kumbukumbu ya Fufu

Labone, Accra
Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda kazini

Kwa Nana Kwamena Otsiwa,
Mkuu wa Ukoo, Anomabo.

Nana mpendwa,

YAH: KWA NINI TUSIMFUNGULIE MLANGO FIIFI DADZIE

Natumaini goti limepoa, na kwamba barua hii imekukuta umekwisha kula. Kama bado, tafadhali iweke kando, ule kwanza. Yaliyomo humu si ya kusomwa na mtu mwenye njaa.

Utakumbuka kwamba Jumamosi watu wa Fiifi Dadzie watakuja kwako na chupa zao kutubishia hodi, wakimposa mpwa wangu Baaba. Utakumbuka pia kwamba ukoo ulinituma nikapeleleze kama kijana huyo anaweza kumlisha binti yetu. Mlinichagua, mlisema, kwa kuwa mimi ni mkaguzi wa mizani sokoni na sidanganyiki kwa vipimo. Wengine walisema ni kwa sababu ya tumbo langu. Jumapili iliyopita, mara baada ya ibada, nilikwenda na Dada Ewurama, mama yake Baaba, kwenye mkahawa wa huyo Fiifi hapa Accra. Nimerudi na malalamiko saba, nayo nayaleta mbele yako kwa heshima zote.

1. Mkahawa unaitwa Kakra. Mtu aliyeandika "kidogo" kwa lugha yetu juu ya mlango wake ametuonya, nakubali, ila sikujua kwamba anazungumzia kila kitu. Meza hakuna. Kuna stuli kumi mbele ya ubao mmoja mrefu, na Fiifi amesimama upande wa pili kama mhubiri. Stuli zenyewe ni ndefu. Miguu yangu ilining'inia kama ya mtoto kwa kinyozi, na kila nilipocheka stuli ililia. Nilicheka mara nyingi, Nana, lakini kwa uchungu.

2. Sahani ni kumi na nne. Usifurahi. Nilikwisha kufurahi mimi kwa niaba yetu sote, nikalegeza mkanda matundu mawili. Ya kwanza ilikuja pana kama ungo, na katikati yake kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati. Nikatoa mizani yangu ya mfukoni, nikakipima. Sindano haikutikisika. Nikaigonga mizani, nikaipuliza kuondoa vumbi, na kile kitu kikaruka hadi kwenye sahani ya jirani yangu, mwalimu mmoja wa kike. Akakila. Akaniambia asante sana, baba, Mungu akuzidishie.

3. Sahani ya nne ililetwa chini ya kifuniko cha kioo kilichojaa moshi. Fiifi akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba: "Hii ni kumbukumbu ya fufu." Akabonyeza kitu, na kutoka kwenye spika ukutani tukasikia mchi ukitwanga, tuf, tuf, tuf. Nikamwuliza donge lenyewe la muhogo na ndizi liko wapi. "Mjomba, fufu yenyewe haipo. Ipo harufu yake." Dada Ewurama akainama, akachungulia chini ya ubao. "Mwanangu," akasema, "huyo anayetwanga mbona hatoki? Mwambie tunamsubiri, asione haya."

4. Hili linagusa malezi yetu. Fiifi alitutaka kila tonge tulile ndani ya sekunde kumi, la sivyo litayeyuka. Sasa, Nana, wewe ndiye uliyetulea. Nani kati yetu anaweza kutia kitu mdomoni bila kumkaribisha aliye karibu? Nikamgeukia mwalimu: "Karibu tule." Naye akajibu kama watu waliolelewa, bila kuutia mkono: "Mkono wangu umo." Kisha akanikaribisha yeye, nikamjibu mkono wangu umo. Nikamgeukia wa upande wa pili. Kule mwisho kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akipunga leso ili asirukwe. Watu kumi, kila mmoja akiwakaribisha tisa! Tulipomaliza adabu, mbele yetu palikuwa na vidimbwi kumi vya maji ya kijani. Fiifi alijishika kichwa. "Jamani wageni wangu, kuleni tu! Mtakaribishana mkitoka nje!" Yule mzee akamtazama kwa huruma. "Kwani wewe, bwana mdogo, umezaliwa wapi?"

Halafu kuna suala la sala. Dada Ewurama, kiongozi wa maombi wa akina mama kama ujuavyo, aliamua kwamba kila sahani ni mlo na kila mlo una sala yake. Sahani ya sita, povu la kaa wa baharini, ilikata roho kabla hajafika kwenye "uwabariki na wasafiri."

5. Sahani ya saba ilikuwa mawe. Sitanii. Kokoto saba za mtoni kwenye bakuli, moja kati yake ni jimbi lililopakwa majivu. Fiifi alieleza ni ipi, lakini alieleza wakati wa sala, tukiwa tumefumba macho. Niliuma jiwe. Kwa kuwa sikutaka kuuaibisha ukoo, nililisifu, nikasema lina ladha ya nyumbani. Dada alitema lake kwenye leso ya kanisani, akaninong'oneza: "Kobina, mwanangu Baaba atazeeka bila meno."

6. Kutokana na hayo nimepiga hesabu kwa vipimo halali vya serikali. Mtu akilishwa kumbukumbu ya fufu kwa mwaka mmoja, yeye mwenyewe huanza kuwa kumbukumbu. Krismasi ijayo Baaba atakuja Anomabo tumwone kwa shida, na akigeuka upande tusimwone kabisa. Watoto wake, Mungu akimjalia, watazaliwa wa tonge moja moja, na majina lazima wapewe ndani ya sekunde kumi, kabla hawajayeyuka. Na wewe, Nana, uishi miaka mingi, uishi hata utuchoke. Lakini siku ikifika, mkwe huyu ndiye atakayeleta chakula cha matanga. Waombolezaji mia nne, kutoka Winneba mpaka Takoradi, watainuliwa kifuniko cha kioo na kuambiwa wanuse. Watasema nini kwenye mabasi wakirudi? Jina lako litawekwa wapi?

7. Hili la mwisho ndilo zito, nami naona haya kuliandika.

Baada ya sahani ya kumi nilisema nakwenda kujinyoosha. Nilivuka barabara hadi kwa mama mmoja wa kabila la Ga anayeuza dokono, yale madonge ya mahindi, na samaki wa kukaanga. Nilikula nimesimama, mgongo nimeuelekeza mkahawani, nikijiambia kwamba mgongo wangu hauwezi kutambulika. Unatambulika. Nikasikia, "Mjomba." Alikuwa Fiifi, na aproni yake.

Ningefanya nini, Nana? Mdomo umejaa, mkono una mafuta. Nikasema, "Karibu tule."

Kijana mwenye adabu angejibu mkono wangu umo, akaenda zake. Huyu alinawa, akautia mkono wenyewe! Bakuli moja, pilipili moja, samaki mmoja. Alikula kama mtu aliyetoka kuchimba kisima, mpaka yule mama akamwambia, "Wewe, hapo kwako kumbe hamna chakula?" Fiifi akacheka hadi akapaliwa. Akaniambia hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri, kwa hofu. Nikamwuliza hofu ya nani. "Yako, Mjomba. Baaba anasema ukoo unakusikiliza." Katika miaka hamsini na mitatu hakuna aliyewahi kunisingizia jambo kubwa hivyo.

Tukarudi ndani. Sahani ya kumi na nne ilipofika, wengine waliletewa barafu ya tangawizi. Mimi niliwekewa kipande cha ukoko wa wali, cheusi, kama ukucha wa dole gumba, na tone moja la mafuta ya mawese. Fiifi, ambaye alikuwa amehutubia hata maji ya kunawa, safari hii aligeuka akaanza kufuta ubao.

Nana, marehemu mama, dada yako, alikuwa akikwangua sufuria watu wakishatawanyika, anafunika ukoko kwa kibakuli cha bluu nyuma ya mtungi, ananikonyeza. Tulikuwa watoto tisa. Hata wewe hukujua. Dada Ewurama alijua, kumbe, miaka yote hiyo. Alimsimulia Baaba, na Baaba, mwenye jina la bibi yake, akamsimulia huyo mtu wake.

Nililia kwenye stuli ya nne, na stuli ikalia nami. Mwalimu alinipa leso. Mizani sikuitoa. Na kosa langu kubwa kuliko yote, ambalo naliweka wazi kwako kabla hujalisikia kwa wengine: ukoko ule niliula wote bila kumkaribisha mtu yeyote.

Kijana anayeweza kumfanya mkaguzi wa serikali asahau adabu zake mbele ya watu tisa ni mtu wa hatari. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, Jumamosi wakibisha hodi, ukoo ukae kimya kana kwamba hatupo.

Nisalimie Mama Aba na wajukuu, majirani wa nyumba ya kijani, kwaya nzima isipokuwa yule wa sauti ya pili ambaye hajanirudishia mwavuli, na yeyote atakayepita ukisoma.

Wako mtiifu katika ukoo na katika vipimo,
Kobina Essuman

N.B. Dada Ewurama amesoma barua hii juu ya bega langu, akauliza kama nimekumbuka kuandika swali nililomsimulia njiani, lile aliloniuliza Fiifi pale kwa muuza dokono, mkono wangu na wake yote ikiwa bakulini. Sikuwa nimekumbuka. Fiifi aliuliza, "Mjomba, Jumamosi mtatufungulia?" Nami, kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa, nilijibu kwa kifupi: "Mkono wangu umo."

Basi wafungulie, Nana, na uniwie radhi kwa kukutangulia. Barua hii usiisome mbele ya ukoo. Jumapili ijayo stuli ya nne ni yangu, ya tano nimekuwekea wewe. Nitakukaribisha kila kitu hadi sahani ya kumi na tatu. Ya kumi na nne ikija, tafadhali tazama pembeni.