Mahema Mbele ya Nyumba Inayouzwa

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, Bi. Gentrix Nekesa wa hapa Kabras alipoteza mnunuzi wa nyumba yake, kuku kumi na wanne na seti nzima ya makochi, na mimi Simiyu, Mkurugenzi wa Mvuto wa Makazi Yanayouzwa, nimeona nilitaje jambo hilo mwanzoni kabisa, kwa uwazi na uwajibikaji, ili lisije likatuharibia hotuba huko mbele. (Makofi kutoka meza kuu.)

Baada ya hayo, itifaki. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kusimamia Kamati za Kudumu. Mheshimiwa Naibu wake, anayekaimu pia nafasi ya msaidizi wa naibu. Mratibu wa Waratibu. Maaskofu wetu watatu, na mchungaji aliyekuja na mama mkwe wake. Machifu, manaibu wa chifu, na wale mnaotarajia kuwa machifu. Akina mama wa vyama. Wakulima wa miwa ambao malipo yenu yanashughulikiwa na ofisi isiyo yangu. Vijana wa bodaboda mliowekewa mafuta lita moja moja ili mfike. Wageni waalikwa, wageni wasioalikwa, na wewe mwenye spika, hebu punguza huo mvumo kidogo, nyote katika nafasi zenu mbalimbali, hamjamboni? (Mtu mmoja: "Tuko.")

Ndugu wananchi, utafiti wa kina uliofanywa na ofisi yangu, yaani mimi na dereva, umebaini kwamba nyumba zetu haziuziki kwa sababu zinaonekana kama kuna watu wanaishi ndani. Mnunuzi anaingia, anakutana na kalenda sita za miaka iliyopita, gunia la mahindi nyuma ya mlango, vitambaa vya kushona juu ya kila kitu mpaka redio imevalishwa kama bibi harusi, na harufu ya obusuma, ugali wetu, wa jana. Ndipo tukabuni Mkakati Jumuishi wa Hausi Stejingi, wenye nguzo nne, nguzo ndogo kumi na mbili na rodmapu ya rangi, ambao kwa lugha rahisi ni kuipanga nyumba ili mnunuzi ajione yeye ndani yake kabla hajakuona wewe. (Makofi. Mzee mmoja anauliza jirani yake kama kuna soda.)

Nyumba ya majaribio ilikuwa ya Bi. Nekesa, mama aliyejijengea vyumba vinne vya matofali kwa kukodisha mashine yake ya kukoroga zege, na ambaye alikuwa anauza ili ahamie Lugari, alikopata shamba la mahindi la kununua. Mnunuzi alikuwa naye tayari, Bwana Kibiwott wa Eldoret, aliyekuwa ameshakubali bei na amebakiza tu kuja na mkewe kuiona mara ya mwisho. Mtu asiye na taaluma ya mvuto angesema basi, mama, uza. Sisi tulimwambia atulie, apambiwe, bei ipande kwa asilimia sitini. (Sauti ya mwanamke kutoka katikati: "Sikukuomba.") Asante, mama. Maswali ni mwishoni.

Nguzo ya kwanza ni diklataringi: makochi, kabati, vitanda na televisheni vyote tukavitoa nje, tukavipanga uani. Nguzo ya pili ni kivuli cha mteja: tukasimamisha mahema mawili meupe mbele ya mlango, na viti vya plastiki mia mbili. Nguzo ya tatu ni muziki laini, na kwa kuwa kijana wa spika alikuwa na flashi moja peke yake, muziki ulikuwa wa kuaga. Nguzo ya nne hatukuifikia. Mimi ni mtaalamu, ndugu zangu, sina namna ya kutabiri kwamba jirani wa Kabras akiona vitu vya ndani viko nje, mahema yamesimama na wimbo unaita mbinguni, anajua la kufanya bila kuuliza mtu. (Kicheko kirefu.)

Saa tano, wanaume walikuwa wamefika na kuni. Saa sita, akina mama walikuwa wamewamaliza kuku wa Bi. Nekesa, na sufuria ziko juu ya moto. Mzee Wangila, jirani wa boma la pili, alilia kutoka barabarani mpaka mlangoni, akamkuta Bi. Nekesa amesimama na ufagio, akamkumbatia.

"Pole sana, dada. Jikaze. Ni nani?"

"Hakuna mtu, Wangila. Ninauza nyumba."

"Ni uchungu huo unaongea. Kaa chini kwanza."

(Kicheko. Mzee Wangila, safu ya tatu: "Sasa mimi ningejuaje?")

Bwana Kibiwott akafika papo hapo. Akavua kofia, akaketi, akala kidogo ile ingokho, kuku wa mwenye nyumba, akatia shilingi elfu mbili kwenye kikapu cha mchango, akamnong'onezea mkewe kwamba hawezi kumsumbua mtu na mambo ya nyumba siku kama hiyo, wakaondoka polepole, kwa heshima.

Sasa takwimu, maana wapinzani wetu hawapendi takwimu. Lengo lilikuwa nyumba itembelewe na mnunuzi mmoja. Ilitembelewa na watu mia nne thelathini na mmoja, ufanisi wa asilimia elfu arobaini na tatu na mia moja. Kwa wastani kila mgeni alikaa saa tatu na robo. Tisa kati ya kumi walilia, ishara kwamba nyumba inagusa hisia. Zile elfu mbili za Bwana Kibiwott tumezisajili kama uwekezaji kutoka nje, na ziko salama, ziko ndani ya tangi la gari langu. (Meza kuu inapiga makofi.)

Kuhusu minong'ono ya makochi, hayo yako kazini. Hili nililoinukia sasa hivi ni mojawapo, na mengine yamewabeba waheshimiwa hapa nyuma yangu. (Waheshimiwa wanakaa wima.) Vitambaa vyake tumeviacha palepale, Bi. Nekesa, ujue hatuna mazoea ya wizi.

Katika awamu ya pili tutapamba nyumba elfu kumi na mbili, kutoka Musanda hadi Isecheno, na kuajiri vijana elfu arobaini wa kupanga mito ya makochi, sawa na vijana watatu na theluthi kwa kila nyumba, na hiyo theluthi tutaitafutia mafunzo. Kwa kumalizia... (Makofi makubwa kuliko yote.) Bado sijamaliza. Nikisema "Nyumba safi", mseme "Bei juu". Nyumba safi! ("Bei juu," wanasema walio karibu na soda.) Mvuto kwanza! ("Makochi baadaye," anasema mtu wa bodaboda.)

Mwisho, namshukuru kwa dhati mhasibu wetu, Dada Mitchel, aliyegundua asubuhi ile kwamba mkakati huu hauna kifungu cha fedha, hauna faili, hauna barua ya kuuanzisha, na kwamba idara yangu yenyewe ni mlango uliopakwa rangi na jina langu, yaani kwa lugha ya kitaalamu hakukuwa na mradi. Hakukata tamaa. Alituchukulia mahema kwenye misaada ya mazishi, ambako hawatoi hema bila marehemu, na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, penye nafasi ya marehemu tuliandika jina la mwenye boma, na chifu tukampelekea nakala. (Chifu, meza kuu, anainua kichwa.) Ni mambo ya utaratibu tu. Mungu awabariki, na mtawanyike kwa amani.

(Bi. Nekesa ameshafika mbele, amesimama kati ya mheshimiwa na gari. Mwenye spika anampa maikrofoni.)

"Mheshimiwa Simiyu, Kibiwott amejua hakukuwa na matanga, na bado anaitaka nyumba. Yuko kwa wakili huko Kakamega mjini na pesa yote, na wakili hawezi kuandika, kwa sababu chifu amekataa kunipa barua ya kunitambulisha. Anasema kwa karatasi yenu mimi nilishakufa, na maiti hauzangi nyumba. Kibiwott atangoja mpaka saa kumi, kisha anaenda kulipia ile ingine ya Webuye, na shamba langu la Lugari linaenda nayo. Sasa ni saa tisa na nusu. Hii simu iko wazi, wakili anasikia, na chifu ndiye huyo ameketi kwa kochi langu. Usinipe nguzo. Niko hai ama nimekufa? Sema moja, kabla ya saa kumi."