Qamara na Kibuyu cha Baba Mkwe

Siku ile ile Qamara alipotakiwa kwenda Gehandu kunywa damu, redio nayo ikaamua kuzungumzia damu. Balaa gani hilo! Mzee Gidamis, mfugaji wa huko Gehandu tambarare, alishasema wazi: asiyemaliza kibuyu cha damu na maziwa mbele yake, binti yake Paskalina hampati.

Kijiweni Dirma, kando ya mashine ya kusaga, Nikolausi alikuwa ameshika kichwa. Wanamwita Redio, maana habari huitangaza kabla hajaisikia yote.

"Jamani, protini za damu zinaamrisha mifupa imegwe! Kalsiamu inachomolewa humo, inamwagwa kwenye damu!"

"Mifupa ya nani?" Qamara akauliza.

"Ya binadamu! Wewe Sindano, kwa wembamba huo, kibuyu kimoja tu unabaki ngozi."

"Kanisani tutampeleka kwenye kiroba," akadakia Akonaay, anayeitwa Profesa kwa ajili ya miwani tu. "Padri akisema simameni, tunamwegesha ukutani."

"Ndiyo maendeleo hayo," Redio akasema. "Juzi serikali imetupa mkoa wetu, leo wanadai mifupa!"

Fabiola, mwenye chai, akagonga birika. "Hivi nyie mna akili kweli? Hizo protini mnazo tangu mzaliwe. Mfupa unamegwa kidogo, unajengwa tena. Damu ya kunywa inaenda tumboni kama uji!"

Qamara akajipapasa shingo. "Ina maana najila mwenyewe tangu utotoni?"

"Ndiyo maana hunenepi!" Redio akapiga kofi gotini.

Wote wakacheka isipokuwa Qamara. Anampenda Paskalina, mwenzenu, hata usingizi hapati. Lakini mifupa nayo anaipenda.

"Nitamwambia mzee nina vidonda vya tumbo," akasema.

"Mwambie sasa hivi," Fabiola akajibu. "Yuko nyuma yako."

"Shikamoo mzee!" kijiwe kizima kikaamkia kwa mkupuo.

"Marahaba." Mzee Gidamis alikuwa na fimbo mkono mmoja, kibuyu mkono wa pili. "Nimeona unachelewa, nimekuletea. Na hayo ya mifupa nimeyasikia." Akamtazama Qamara kuanzia kandambili hadi kofia. "Binti yangu anakunywa hii tangu aote meno. Juzi mto ulipojaa, nani alimbeba mwenzake mgongoni, wewe au yeye?"

Redio akamgeukia Qamara.

"Yeye, mzee," Qamara akasema, macho chini.

Akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Akanywa, akanywa, hadi tone la mwisho. Akajifuta mdomo.

"Mzee, kingine hukubeba?"