Kamati Yaenda Kuposa

Ilitangazwa rasmi mjini Gisenyi, mwaka 1999, kwamba ndoa za enzi za mababu zilikuwa na upungufu mkubwa wa wanawake, na kwamba upungufu huo utarekebishwa kabla ya Ijumaa.

Tangazo lilitoka kwa Onésphore, mwenyekiti wa Kamati ya Uwiano wa Jinsia Jukwaani. Kamati ilikuwa na wajumbe saba, wanaume watupu, wote wenye kuwaheshimu sana wanawake. Ijumaa mgeni kutoka Kigali, Madamu Mukeshimana, angekuja kutazama mchezo wa posa ya kale, na Onésphore alikuwa amesikia kwamba huko Kigali kuna nafasi ya ukurugenzi. Usingizi ulimpaa.

Alimwita mwalimu Gentil, mtunzi wa mchezo.

"Wanaume kumi na mmoja wanabishana juu ya bibi arusi. Mwenyewe yuko wapi?"

"Iko ndani ya nyumba, Chef. Zamani ilikuwa vile."

"Zamani hakukuwa na kamati. Na ng'ombe wa mahari?"

"Jike, Chef."

"Mwandike kwenye hesabu ya wanawake."

Mjumbe Kimenyi alikohoa, akasema ng'ombe hasemi kitu. Onésphore alimjibu kwa upole kwamba hata bibi arusi hasemi. Hoja ikapita.

Hata hivyo hesabu ilikataa. Ikaamuliwa wazee wa ukoo wa bibi arusi wawe wanawake, na msemaji wao awe Verediane, muuza vitenge wa mtaa wa Nengo aliyevuka mpaka kwenda Goma kila asubuhi, ulimi wake umenolewa na maofisa wa forodha wa nchi mbili. Msemaji wa bwana arusi, kwa maslahi ya taifa, akawa Onésphore mwenyewe. Kila ukurasa wa mchezo ukagongwa muhuri wa kamati.

Ijumaa ukumbi ulifurika. Onésphore, shuka begani, fimbo mkononi, akaomba mke kwa maneno matamu. Verediane alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaachana na maandishi ya Gentil.

"Bon. Munataka mutoto wetu. Mbele ya kumutoa, tujue anaenda kukaa na watu gani. Ile kamati yenu, wanamuke iko ngapi?"

Onésphore akageukia pazia. Nyuma ya pazia Gentil alipekua karatasi zake, swali hilo hakuliona.

"Sisi... tunawaheshimu sana..."

"Sikuuliza heshima, muzee. Iko ngapi?"

"Hakuna."

Watu wakaangua kicheko.

"Donc, murudi kwenu," akasema Verediane, akikaza kitenge chake kiunoni. Posa ikikataliwa, wageni huondoka. Mchezo ungeishia hapo, na ukurugenzi pamoja nao.

"Mmoja," akanong'ona Onésphore. "Tutaweka mmoja."

"Wa kuchemsha chai? Yewe!"

"Wawili."

"Ine."

"Haya, wanne! Mtoeni bibi arusi!"

Vigelegele vikapasua ukumbi. Madamu Mukeshimana akasimama.

"Mwenyekiti, makubaliano hayo yamo kwenye mchezo?"

Onésphore akaegemea fimbo yake. Kusema hayamo kungekuwa kukiri kwamba muhuri wa kamati haumzuii mtu kitu.

"Yamo, Madamu. Kila neno limepitishwa na kamati."

"Vizuri sana," akasema mgeni, akiandika. "Basi yamepitishwa."

Jumatatu wanawake wanne waliingia ofisini. Verediane akakalia kiti cha mwenyekiti, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mlango, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Akafungua kikao, akauliza nani ataandika muhtasari. Macho yote yakamgeukia Onésphore.

Akatazama huku na huku, kisha akaomba kalamu.